Wanajikunyata, wanahara damu, na mama mkwe anasema ni mdondo

Shikamoo mama,

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, naishi Kihonda, Morogoro. Mwishoni mwa Machi nilichukua vifaranga 60 wa siku moja, wa chotara. Ufugaji si mgeni kwangu, maana nina mitetea watano wa kienyeji wanaozurura uani tangu mwaka juzi, ila vifaranga wengi kwa mpigo ndiyo mara yangu ya kwanza. Wiki tatu za mwanzo alikufa mmoja tu, na huyo alikanyagwa na wenzake usiku jiko la mkaa lilipozimika. Nikaanza kujisifu shuleni.

Banda lao ni futi 6 kwa 5, limepakana na la mitetea, katikati kuna wavu tu. Nilitandaza maranda. Maji nawawekea kwenye sahani za plastiki zenye jiwe katikati ili wasizame. Chakula nachanganya mwenyewe: pumba za mahindi, mashudu ya alizeti, dagaa na chumvi kidogo. Wiki iliyotangulia, Jumanne usiku, mvua ilipiga kwa upepo ikaingia upande mmoja wa banda. Sikuyatoa maranda, niliyageuza tu nikasema yatakauka.

Jumatatu ya wiki hii asubuhi, wakiwa na siku 27, nikakuta watano wamejikunyata kwenye kona. Mabawa yameshuka, manyoya yamesimama, macho wanafumba na kufumbua kama mtoto anayesinzia darasani. Kinyesi kilikuwa na rangi ya kahawia yenye wekundu, na jioni ikawa damu kabisa. Nilidhani wamedonoana, nikawakagua mmoja mmoja, sikuona kidonda. Jumanne wakafa wanne, Jumatano saba, na leo Jumapili hesabu imefika 18. Nimebaki na 41.

Jumatatu hiyohiyo nilikimbilia duka la dawa za mifugo. Muuzaji hakuniuliza hata wana umri gani. Akanipa OTC (oksitetrasaiklini) na pakiti ya vitamini, nichanganye kwenye maji siku tano. Nimefanya hivyo. Mama mkwe, ambaye yuko kwetu tangu Pasaka, anasema huu ni mdondo, hauna dawa, niwaite wachuuzi wa sokoni niwauze wote wakiwa bado wamesimama. Wakati nikiwa kazini anawawekea pilipili kichaa na shubiri kwenye maji. Mume wangu anasema tuchome wote, na banda pia, tuanze upya.

Mitetea wangu hawana tatizo lolote, ndicho kinachonichanganya. Na nina mtoto wa miaka sita ambaye hashikiki, kila akitoka shule yuko bandani kuwabeba. Je, ataugua? Waliobaki wataliwa? Nifanye nini kwanza?

Mwalimu wa Kihonda

*

Marahaba mwanangu, na pole. Watano wamejikunyata kwenye kona ni picha niliyoikuta kwenye mabanda mengi mno wakati nikiwa kazini, na karibu kila mara ilikuwa masika.

Kwa ulivyoeleza, huu si mdondo. Mdondo, ambao wengine wanauita kideri, hauchagui vifaranga ukaacha mitetea upande wa pili wa wavu, labda kama mitetea wamechanjwa, na hilo hukulitaja. Huja na kukoroma, kuhema mdomo wazi, kinyesi cha kijani, na baadhi ya wanaosalia hupinda shingo hadi kichwa kikaangalia mgongo. Wewe una vifaranga wa wiki ya nne, damu kwenye kinyesi, maranda yaliyolowa, na wakubwa wazima. Hiyo ni kuhara damu, yaani ugonjwa wa koksidia. Ningeweka dau langu hapo.

Lakini dau si uhakika, na wewe una njia ya kupata uhakika bila kulipa senti: mpasue mmoja. Najua wengi hawapendi kusikia hivyo. Hata hivyo kifaranga aliyekufa anakueleza zaidi ya muuza dawa yeyote, na usipomfungua utaendelea kununua pakiti kwa kubahatisha.

Chukua aliyekufa leo asubuhi, si wa jana. Kwa joto la Morogoro, ikifika saa sita mchana tumbo limeshageuka kijani na huoni kitu. Fanyia nje, mbali na jikoni na mbali na banda, juu ya kiroba cha zamani, mikono ukiwa umeivika glovu au mifuko ya plastiki. Lowesha manyoya kwa maji ya sabuni yasipeperuke. Mlaze chali, kata ngozi kati ya paja na tumbo pande zote mbili, kisha bonyeza mapaja chini mpaka viungo viachie, atatulia wazi mbele yako. Hapohapo, kabla hujaenda ndani, angalia nyama ya mapaja. Ikiwa ina madoadoa ya damu kama aliyechapwa fimbo, mawazo yahamie kwenye gumboro, maana nayo hushika umri huohuo, ila kuhara kwake huwa kwa majimaji meupe. Mapaja yakiwa safi, au yamepauka tu, endelea.

Kata chini ya mfupa wa kifua, funua. Tafuta firigisi, kisha fuata utumbo kwa kidole kuelekea mkiani. Karibu na mwisho utakutana na vifuko viwili virefu, vimelala sambamba na utumbo kama vidole viwili, vimeziba upande mmoja. Kwa kifaranga mzima ni vyembamba, rangi ya udongo au kijani kibichi kilichofifia. Kwa ugonjwa huu utavikuta vimevimba, vyekundu hadi vyeusi, kama soseji ndogo mbili. Vichane. Kwa aliyekufa haraka itamwagika damu mbichi. Kwa aliyevumilia siku mbili tatu utakuta donge gumu, damu iliyogandana na utando, kama kipande cha ini kilichosahauliwa juani. Ukiviona hivyo, kesi imekwisha.

Kama vifuko ni vizima lakini utumbo wa katikati umetuna kama puto na kwa nje una vitone vyeupe na vyekundu, bado ni koksidia, ila ya aina nyingine ambayo hupenda kuku wakubwa kidogo. Wako wengi hao: kwa kuku zinajulikana zaidi aina saba, zote za jamii ya Eimeria, na kila moja ina kipande chake cha utumbo. Inayoshika vile vifuko ndiyo inayotisha kwa damu. Nyingine hazitoi damu kabisa, zinawadumaza tu vifaranga na mwenye banda analaumu chakula.

Neno moja pembeni kuhusu kinyesi, maana naona wengi wanahangaika bure. Kuku mzima, katika kila vinyesi nane au kumi, hutoa kimoja cha kahawia, laini kama uji mzito, chenye harufu mbaya. Hicho hutoka kwenye vile vifuko, ni cha kawaida. Na mara mojamoja utaona vipande vyenye rangi ya chungwa, kama nyama iliyosagwa: ni utando wa utumbo unaojimenya. Kuku akiwa anachangamka na kula, hivyo si ugonjwa. Wako hawachangamki, na damu ni damu, kwa hiyo hayo hayakuhusu wewe leo.

Sasa nirudi kwenye barua yako, kwa sababu umejiandikia jibu bila kujua. Kimelea hiki hutoka na kinyesi kikiwa kama yai dogo lisiloonekana kwa macho. Likidondoka, bado halina madhara. Linahitaji joto, unyevu na hewa kwa siku moja au mbili ili likomae, na likikauka haraka linakufa. Likikomaa kifaranga akalidonoa, firigisi inalisaga ganda, vimelea vinatoka, vinaingia kwenye ukuta wa utumbo na kuzaliana humo mara kwa mara mpaka ukuta unapasuka. Kuanzia kudonoa hadi kuona damu ni siku nne au tano. Hesabu na mimi: mvua iliingia Jumanne usiku. Jumatano maranda yana joto na maji, umeyageuza, umeyapa hewa. Alhamisi mayai yamekomaa. Ijumaa, Jumamosi, Jumapili kimya. Jumatatu asubuhi watano kwenye kona.

Na yalitoka wapi? Kwa mitetea wako. Kuku mkubwa aliyeugua kidogo utotoni hupata kinga, anaendelea kupendeza huku akitoa mayai ya vimelea kidogokidogo kwenye kinyesi. Wavu hauzuii kinyesi kinachorushwa na miguu, wala hauzuii ndala zako.

Kuhusu OTC sitakulaumu. Ni dawa ya bakteria. Koksidia si bakteria, kwa hiyo siku tano zimepita adui hajaguswa. Muuzaji alipaswa kukuuliza umri na rangi ya kinyesi, basi.

Dawa ya kuomba dukani ni amproliamu. Soma lebo, maana nguvu hutofautiana. Ile ya unga ya asilimia 20, kwa vifaranga wanaoumwa, huwekwa gramu 30 kwenye lita 25 za maji. Wewe na vifaranga 41 huhitaji ndoo nzima, lita 5 kwa siku zinatosha, kwa hiyo gramu 6. Mwambie akupimie kwenye mizani vipakiti vitano vya gramu sita sita; kijiko cha chai cha nyumbani usikiamini. Changanya mapya kila asubuhi, mwaga ya jana, na bandani kusiwe na maji mengine yoyote. Fanya hivyo siku tano. Baada ya hapo punguza hadi gramu moja na nusu kwa lita 5, kwa wiki moja zaidi.

Sitisha vitamini kabisa siku hizo. Amproliamu inamdanganya kimelea kwa kujifanya vitamini B1, anaimeza akidhani chakula. Ukiweka pakiti ya vitamini kwenye maji yaleyale unampelekea adui chakula halisi. Vitamini utawapa ukimaliza dozi, na hapo hasa tafuta yenye A na K, utumbo una kazi ya kujijenga upya na damu imepotea nyingi.

Ipo pia toltrazurili ya maji, asilimia 2.5, mililita moja kwa lita moja kwa saa 48 mfululizo. Ina nguvu zaidi kwa sababu inampiga kimelea katika hatua zake zote za ndani ya utumbo, wakati amproliamu inafanya kazi vizuri zaidi mwanzoni. Bei yake ni ya juu. Ningekuwa na vifo saba kwa siku ningeitafuta hiyo. Kwako sasa naona wimbi kubwa limepita. Zile za salfa zinatibu pia, lakini ukikosea kipimo au ukizidisha siku zinaleta sumu, na kuku anayetaga hazimfai. Toltrazurili nayo isiende kwa mitetea wako kama mnakula mayai yao.

Usishtuke wakifa wawili watatu zaidi baada ya kuanza dawa. Hao utumbo ulishachanika. Waliozubaa sana watenge kwenye boksi lenye joto na uwanyweshe kwa bomba la sindano lisilo na sindano, tone kwa tone pembeni mwa mdomo, maana mgonjwa huacha kula kabla hajaacha kunywa, na akiacha kunywa dawa ya maji haimfikii.

Hapo ndipo pilipili na shubiri zinapoharibu. Sitabishana na mama mkwe kuhusu faida za shubiri, mimi mwenyewe nina mche wake dirishani. Lakini kifaranga akionja uchungu anakunywa nusu, na nusu ya maji ni nusu ya dozi. Mwambie kwa adabu kwamba dawa hizi mbili hazipatani. Usimwambie kwamba yake ni ya uongo, hutashinda.

Ukimpa dawa kifaranga akaendelea kulala kwenye maranda yale, wiki ijayo utaniandikia tena. Toa yote leo, si sehemu iliyolowa tu. Yafunge kwenye viroba, yazikwe au yachomwe, na usiyapeleke kwenye bustani ya mchicha ambako mitetea wanachakura. Dawa nyingi za kuua vijidudu tunazomwaga mabandani hazimwezi koksidia, ganda lake ni gumu. Kinachomuua ni moto na ukavu. Kwangua sakafu, mwaga maji yanayochemka hasa kwenye kona na kuzunguka sahani za maji, acha ikauke kabisa, nyunyiza chokaa kidogo inyonye unyevu, kisha weka maranda mapya makavu, kina cha vidole vinne. Kila siku chota kiganjani uyakamue: yakishikamana, yana maji mengi, toa. Yakimwagika yenyewe, sawa.

Zile sahani zenye jiwe acha kuzitumia. Kifaranga wa wiki nne anaingia humo na miguu yenye kinyesi, anakunywa humohumo. Nunua drinka mbili, ziinue juu ya matofali mpaka ukingo ulingane na mgongo wa kifaranga, na uinue kila wanapokua. Ziba ule upande wa mvua kwa turubai linaloshuka na kupanda, ukikumbuka kuacha hewa juu. Na banda ni dogo. Futi 30 za mraba kwa vifaranga 60 ni msongamano wa daladala ya saa moja asubuhi. Kwa umri huu kila mmoja angepata angalau futi moja ya mraba, na mbili wakifika wiki nane.

Mitetea wahamishie mbali na wavu, wahudumie mwisho, baada ya vifaranga, na weka jozi ya ndala mlangoni pa banda la vifaranga ambayo haitoki hapo hata kwenda chooni.

Usiwauze. Mchuuzi atawachanganya na kuku wa watu wengine kwenye tenga moja, na kama mimi nimekosea dau langu na ni mdondo kweli, utakuwa umeusambaza mtaa mzima. Usiwachome pia. Hao 41 wengi watapona, na watakaopona watakuwa na kinga dhidi ya aina hiyo ya koksidia, ingawa baadhi watabaki wafupi na undu uliopauka. Waliokufa wachimbie shimo refu, na wala asiwepo wa kuwachinja wanaoelekea kufa akasema ni kitoweo. Kuhusu kuwala waliopona, fuata siku zilizoandikwa kwenye lebo ya dawa. Kwa vyovyote wana miezi kadhaa kabla ya kufikia sufuria.

Mwanao hatapata koksidia ya kuku. Kimelea hiki ni cha kuku peke yake, hata bata wako kama ungekuwa nao asingeugua. Kinachonitia wasiwasi kwa mtoto ni bakteria wa salmonela, ambao kuku mzima kabisa anaweza kuwa nao. Anawe mikono kwa sabuni kila akitoka, asiwabusu, asiingie na viatu vya bandani ndani. Na kwa siku hizi, kwa sababu ya ndala tu, asiingie kabisa.

Mama mkwe ana haki kwenye jambo moja: mdondo upo, na ukija hauna tiba. Kama hawa hawajachanjwa, wape wiki mbili baada ya kumaliza dawa wawe wanakula na kuchangamka, kisha chanjo ya I-2, tone moja jichoni, irudiwe kila baada ya miezi mitatu. Mitetea nao wapate. Usichanje kuku anayeumwa. Ikifika siku hiyo mpe mama mkwe kazi ya kuwashika, mikono yake itakuwa imezoea kuliko ya mwanao.

Na ukimpasua huyo wa asubuhi ukakuta vifuko ni vizima, au mapaja yana madoa, au ini limevimba na kuwa na rangi isiyoeleweka, usinunue kitu chochote. Una bahati uko Morogoro. Weka mizoga miwili ya siku hiyo kwenye mifuko miwili ya plastiki, iingize kwenye boksi lenye barafu, isigande na isiingie friji ya nyumbani, uchukue na kifaranga mmoja mgonjwa aliye hai, uende SUA, Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, kwa madaktari wa wanyama. Nenda mapema. Andika kwenye karatasi umri wao, chakula, dawa ulizotoa na siku ulizotoa, OTC ikiwemo, na pilipili pia.